Kiwanja cha maji, bwawa au ziwa: watoto wadogo wakishikwa na joto Chicago

Mwanangu mkubwa, wa miaka mitano, anaiita mvua ya chini. Unaingia kwenye bustani ya mtaa, unakuta sakafu ya zege au ya mpira yenye matundu, mtoto anabonyeza nguzo fulani, na maji yanaruka kutoka ardhini kama mvua iliyokosea njia. Baada ya dakika chache yanakatika, watoto wanalalamika kwa pamoja, mmoja anakimbia kubonyeza tena. Hakuna kina wala ngazi ya kushuka. Maji yakidondoka yanatiririka kwenye mfereji yanapotea. Kiswahili hakijapata jina moja la mahali hapo, kwa hiyo mimi nitasema kiwanja cha maji.

Tunaishi Rogers Park, kaskazini mwa Chicago, mtaa ambao ukisema "habari" kwa sauti kwenye kituo cha basi, huenda akakuitikia mtu wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kabla ya mtu wa Tanga. Mimi ni wa Tanga. Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni wa Uvira, ana watoto wanne, mkubwa wa miaka minane na mdogo hajamaliza mwaka na nusu. Mwaka jana joto lilipoanza alinisimamisha ngazini: "Dada, ile mayi ya kuruka iko muzuri kwa batoto, ao tuende tu ku ziwa?"

Nikamjibu haraka haraka, jibu la mtu aliyebeba mifuko. Jibu la kweli lilihitaji kukaa chini. Hapa mjini mzazi wa watoto wadogo ana mambo matatu ya kuchagua: kiwanja cha maji cha mtaani, bwawa la nje la manispaa, au ufuko wa Ziwa Michigan. Yote matatu ni bure, kwa hiyo bei haitakusaidia kuamua. Kitakachokusaidia ni kujua uko na watoto wangapi, wa umri gani, na watu wazima ni wangapi.

Kuzama

Nchini Marekani, watoto wa mwaka mmoja hadi minne wanakufa kwa kuzama kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Nililisoma hilo kwenye bango la kliniki, karibu na mizani ya kupimia watoto, na tangu siku hiyo nayaangalia maji kwa jicho jingine. Mtoto mdogo akizama hapigi kelele na hapungi mkono. Anateremka kimya, na mama aliyeinama kutafuta taulo kwenye mkoba anainua kichwa amechelewa.

Kwenye kiwanja cha maji hofu hiyo inashuka sana, kwa sababu maji hayatuami. Kagua tu mfereji kabla hujawaachia: ukiwa umeziba kwa majani, pale katikati patakuwa na dimbwi, na mtoto anayetambaa hahitaji maji mengi ili azame. Kinachoumiza watu pale ni kuteleza. Watoto wa miaka minane wanakimbia kama pikipiki, na wa miaka miwili ndio wanaogongwa. Halafu kuna sakafu yenyewe: sehemu iliyolowa ni ya baridi, lakini hatua tatu pembeni, mpira uliokaa juani tangu asubuhi unaunguza nyayo. Malapa ya mpira yanateleza. Wavalishe viatu vya maji vyenye kamba.

Bwawa lina waokoaji, na kina kimeandikwa ukingoni. Lakini mwokoaji anaangalia watu wote, na mtoto wa miaka miwili anatakiwa awe pale ambapo mkono wako unamfikia. Ukiwa na mtoto mmoja, hesabu inakubali. Mimi nilijaribu kwenda na wawili peke yangu, mara moja tu. Nimembeba mdogo kiunoni, mkubwa akaona mwenzake karuka, naye akaruka. Maji yalimfika kidevuni. Filimbi ikalia, mwokoaji akamnyanyua kabla mimi sijapiga hatua ya pili, na hakuna kilichotokea. Tulirudi nyumbani dakika kumi baadaye, mimi natetemeka, yeye anauliza tutarudi lini.

Ziwa ni habari nyingine. Jirani yangu kakulia kando ya Ziwa Tanganyika na anajiona ameshajua maziwa; Michigan kwa eneo ni kubwa kuliko Tanganyika, na lina tabia zake. Mimi wa pwani nilizoea kusoma maji kupwa na maji kujaa, nikakuta hapa hakuna kupwa kwa kuonekana. Badala yake unasoma bendera: kijani ingia, njano ingia kwa tahadhari, nyekundu usiingie kabisa. Waokoaji wanakaa kuanzia saa tano asubuhi hadi saa moja jioni, katika msimu unaoanza mwishoni mwa Mei na kuishia mwanzoni mwa Septemba. Nje ya saa hizo maji yapo, lakini hayana mtu. Upepo wa kaskazini unaleta mawimbi yanayoweza kumwangusha mtu mzima, na karibu na gati na kuta za mawe kuna mikondo inayovuta kuelekea kilindini. Ufuko wa Leone, ambao ndio wetu, una mchanga mpana na mtoto anaweza kukaa pale mawimbi yanapokufa akachota kwa kikombe. Mwanzoni mwa Juni, lakini, maji yanauma mifupa. Watoto wa mtaa wanaingia, midomo inageuka rangi ya zambarau, na bado wanasema si baridi.

Kinywa

Hapa ndipo jibu langu la ngazini lilipokosea. Nilimwambia kiwanja cha maji ni salama kabisa. Ni salama kwa kuzama. Kwa tumbo, mambo si mepesi hivyo.

Tazama watoto pale kwa dakika tano. Mmoja kakalia tundu, maji yanampiga makalioni, anacheka. Mwenzake, hatua mbili mbele, kafungua mdomo anakunywa maji ya tundu la pili. Basi, umeshaona ugonjwa unavyosafiri.

Viwanja hivi viko vya aina mbili. Kuna vinavyotumia maji ya bomba moja kwa moja: yanatoka, yanaruka, yanaingia mtaroni, hayarudi. Vingine vina tangi chini ya ardhi. Maji yanarudi kwenye tangi, yanachujwa, yanawekwa klorini, yanapandishwa tena, na mzunguko unaendelea siku nzima. Aina ya pili inaokoa maji mengi, lakini ndiyo inayohitaji uangalizi, kwani kile kilichooshwa kwenye makalio ya mtoto aliyecheza saa nne kinaweza kurudi mdomoni mwa mtoto anayecheza saa sita. Isitoshe, maji yakirushwa hewani kwa matone madogo klorini inapotea haraka kuliko kwenye bwawa lililotulia. Ongeza na hili: kwa kuwa maji hayatuami, kwenye maeneo mengi viwanja hivi havikuwa vikihesabiwa kisheria kama mabwawa, kwa hiyo havikukaguliwa kama mabwawa.

Mwaka 2005, kwenye bustani ya jimbo kando ya Ziwa Seneca huko New York, zaidi ya watu 2,000 waliugua kuharisha baada ya kucheza kwenye kiwanja cha aina hiyo, na vimelea vya kriptosporidiamu vikakutwa ndani ya matangi yenyewe. CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, ilikusanya taarifa za miaka 1997 hadi 2022: milipuko 60 iliyotokana na viwanja vya maji, wagonjwa 10,611, waliolazwa hospitali 152, na hakuna kifo kilichoripotiwa. Tisa katika kila wagonjwa kumi walitoka kwenye milipuko yenye kriptosporidiamu. Kimelea hicho kinaweza kuishi zaidi ya siku saba ndani ya maji yenye klorini ya kutosha, na hapo ndipo penye mtego. Mzazi ananusa klorini, anasema maji ni safi, kumbe mdudu huyo klorini haimbabaishi.

Kuna jambo moja adimu ambalo nalitaja kwa sababu limeshazunguka kwenye makundi ya simu likiwa limetiwa chumvi. Arlington, Texas, 2021, mtoto mmoja alifariki kwa amiba inayoingia kupitia puani na kushambulia ubongo, baada ya kucheza kwenye kiwanja cha maji cha umma. Uchunguzi ulikuta siku ambazo klorini haikuwa imepimwa na kuandikwa inavyotakiwa.  Amiba huyo anapenda maji yenye joto yasiyo na chumvi, na klorini ya kutosha humuua. Matukio ya namna hiyo ni machache mno. Nimelieleza ili ukiletewa sauti ya dakika saba kwenye simu ikisema maji yote ya Marekani yana mdudu wa ubongo, uwe na la kujibu.

Bwawa nalo lina vimelea hivyo hivyo, lakini lina maji mengi, lina mtu wa kupima dawa, na watu wanalazimishwa kuoga kabla ya kuingia. Mtoto akijisaidia ndani, wote mnatolewa na bwawa linafungwa. Inaudhi sana ikiwa umesafiri, ila angalau kuna mtu aliyeona. Kiwanja cha mtaani mara nyingi hakina mhudumu hata mmoja.

Ziwani hakuna klorini kabisa. Badala yake mji unapima bakteria kila siku ya msimu kwenye fukwe zake na kutangaza matokeo. Shakwe wanachafua, na baada ya mvua kubwa hali huwa mbaya zaidi, kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mvua kubwa ikinyesha leo, kesho hatuendi ziwani hata jua liwake vipi.

Kwa upande wa kiwanja cha maji, mambo yanayofaa ni ya mama yeyote, hayahitaji shahada. Mtoto anayeharisha abaki nyumbani, na abaki hata siku kadhaa baada ya kupona. Pampasi za kuogelea zinazuia choo kigumu kisisambae. Choo cha maji zinakipitisha kama chujio la chai. Kila baada ya saa moja watoe wote, waende choo, mdogo umkague pampasi, na umbadilishe mbali na maji. Wafundishe kwamba hatukalii tundu na hatunywi. Njoo na chupa ya maji ya kunywa kwa kila mtoto, maana anayekunywa ya tundu mara nyingi ana kiu tu. Na ukiona tundu linatoa maji yenye povu la njano au harufu ya bwawa la samaki, geuza kigari cha mtoto urudi nyumbani.

Nguo, na kuonekana

Hili halimo kwenye kurasa za ushauri wa wazazi wa Kimarekani, ila kwetu linaamua mengi. Bwawani lazima uvae mavazi ya kuogelea. Fulana ya pamba na kaputula ya jinzi utarudishwa mlangoni. Akina mama wengi ninaowafahamu, Waislamu na Wakristo, wangefurahi kumfuata mtoto majini, lakini si kwa vazi lile. Yapo mavazi ya kuogelea yanayofunika mwili mzima, na ukipanga kwenda navyo, pita siku moja kabla uulize wahudumu ili usije ukabishana mlangoni watoto wakilia.

Kwenye kiwanja cha maji hakuna anayekuuliza. Mimi naenda na dera na mtandio, nakaa kwenye benchi, na maji yakinirukia yamenirukia. Mama mkwe wangu alipotutembelea kutoka Tanga alijifunga kanga mbili akaingia hadi katikati, kisha akasimama pale kama anaoga mvua ya masika, na hakuna aliyemshangaa. Bwawani asingeweza hata kupita geti. Ziwani pia mtu anavaa atakacho, ila kitambaa kirefu kikilowa kinakuwa kizito na kinakuvuta. Ukiwa na dera, usivuke magoti.

Kitu kimoja tu cha kuangalia. Kwetu mtoto wa miaka miwili akicheza mvua uchi hakuna anayegeuka. Hapa mvalishe. Na mtoto wa mwenzio akimsukuma wako, mkono wako usimguse na sauti yako isimkemee kama ungemkemea mtoto wa jirani Ngamiani, kwetu Tanga. Muondoe wako, tafuta mzazi wa yule, zungumzeni wakubwa kwa wakubwa.

Safari yenyewe

Kiwanja chetu kiko mwendo wa dakika saba kwa miguu. Sipangi, sipakii. Taulo mbili, chupa, maembe yaliyokatwa kwenye kopo, tunatoka. Baada ya dakika arobaini mdogo anaanza kunyonya kidole, ishara ya usingizi, na tunarudi bila mtu kusikitika kwamba siku imeharibika. Vivuli ndivyo vichache. Viwanja vingi vimewekwa katikati ya uwazi, na mzazi anakaangwa wakati watoto wanapoa. Nenda asubuhi kabla ya saa tano, au jioni baada ya saa kumi.

Bwawa lina saa zake na vipindi vyake. Unakuja na kufuli lako la kabati, unaoga, unangoja kengele. Kwa mtoto wa miaka sita na kuendelea inafaa. Kwa wa miaka miwili ni taratibu nyingi kuliko mchezo.

Ziwa ndilo la siku nzima, na kwa kweli ndilo la watu wazima. Unapika, unabeba mkeka, mnakaa hadi jioni, shemeji anakuja na mpira. Mchanga utaukuta kwenye kitanda hadi Alhamisi. Watoto wadogo wanafurahi kwa mchanga kuliko maji, na mtoto anayechimba shimo ni mtoto asiyekimbia.

Wageni wakija huwa wanauliza juu ya ile chemchemi ya sura za watu katikati ya mji. Ni Crown Fountain, ndani ya Millennium Park, kazi ya msanii Mhispania Jaume Plensa, iliyofunguliwa 2004: minara miwili ya matofali ya kioo, kila mmoja kama mita 15, inaonyesha nyuso za wakazi wa Chicago, na kila baada ya muda uso unabana midomo na kutema maji juu ya watoto. Katikati ya minara ni sakafu nyeusi ya mawe yenye maji ya kulowesha nyayo tu. Watoto wangu waliicheka hadi wakakaa chini. Lakini kutoka kwetu ni safari ndefu ya treni, umati ni wa watalii, na nilimpoteza mkubwa machoni kwa sekunde ishirini ambazo sitaki kuzirudia. Nawapeleka wageni mara moja kwa mwaka, nimewavalisha watoto fulana za rangi ya chungwa.

Na ukichoka kutoka kabisa, beseni lipo. Karai la kufulia kwenye uwanja wa nyuma, vikombe viwili, wanacheza saa nzima. Ukimaliza mwaga hapo hapo kabla hujaingia ndani kuchukua simu.

Nilichomwambia jirani

Safari hii nilikaa. Siku za kazi, ukiwa peke yako na wanne, usiende bwawani na usiende ziwani. Nenda kiwanja cha maji. Macho mawili hayatoshi watoto wanne kwenye maji yenye kina, hata uwe umezaliwa juu ya mtumbwi. Jumapili mumeo akiwa hana zamu, nendeni Leone, mmoja wenu ashike wadogo wawili na asifanye kingine. Na huyu wa miaka minane mwandikishe masomo ya kuogelea kwenye bwawa la manispaa, kwa sababu kiwanja cha maji, kwa uzuri wake wote, hakimfundishi mtoto kuelea. Hata akicheza miaka mitano pale, siku akianguka mahali penye kina atakuwa kama hajawahi kuona maji.

Alinisikiliza, akasema yeye alijifunza kuogelea kwa kutupwa na kaka yake, na kwamba Wamarekani wanalipia kila kitu. Kisha akauliza fomu inapatikana wapi.

Jumamosi nilimkuta bustanini. Kakaa kwenye ukingo wenye kivuli, vitenge viwili vimefungwa kwenye tawi kuwa turubai, chupa nne zimepangwa kwa ukubwa wa watoto. Simu ikalia kengele. Akasimama, akapiga makofi mara mbili, "Ku choo! Bote!" Watoto wake wanne wakatoka majini wakajipanga mstari, na nyuma yao watoto wawili wa Kimeksiko na mmoja wa Kipolandi, ambao hawakuelewa neno hata moja, wakajipanga nao.